Kidole Hakisemi "Ila"

Muhenna kaniletea mfumo mpya kiwandani Barka,
zamu ya usiku, saa nane, bahari inachujwa chumvi.
"Tazama," anasema, na kweli panatazamika:
pampu za buluu zazunguka, matangi yajaa rangi,
kila kitu kina kitufe, kila kitufe kina kivuli.
Nimeona. Nimesifu. Kisha nikarudi
kwenye terminali yangu, kioo cheusi tii,
kistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni
kama mgeni aliyekaa sebuleni
asiyetaka kuwa wa kwanza kuanza mazungumzo.

"Wewe mtu wa kale," Muhenna anacheka.
Namkumbusha ule mkahawa wa Ruwi
wenye menyu ya picha, wateja wa lugha arubaini:
mtu anaonyesha kuku, analetewa kuku.
Raha tupu. Haya, sasa nionyeshe kwa kidole
kuku asiye na pilipili, na kama hayupo, samaki,
na kila meza ya upande ule ipewe, ila ya yule mzee.
Kidole kinasema "hiki." Kinasema "hiki" tena.
"Kila" hakilijui. "Kama" hakilijui.
"Ila" hata hakijapata kulisikia.

Jana alitaka mistari yote ya mwezi wa nne
iliyotaja chumvi kuzidi, ukiacha pampu ya saba,
ambayo husema uongo tangu inunuliwe.
Akabofya, akafungua, akashuka, akafunga.
Nilihesabu mia tatu na kumi na mbili,
nikachoka kwa niaba yake.
Mimi niliandika mstari mmoja. Sentensi:
ina kitenzi, ina nani, ina isipokuwa.
Karaki yangu ilikuwa bado inafuka.

Sisemi kioo cheusi ni walii.
Mwaka juzi nilikiambia kifute, nikasahau nukta,
kikafuta miezi minne bila kuguna.
Picha zingeniuliza, "Una hakika?"
Kioo kiliniamini, na kuaminiwa kuna gharama.
Nililia chooni. Siku kumi na moja
nikainakili miezi ile upya kutoka kwenye makaratasi.

Halafu mama akapigwa na kiharusi, nyumbani Mabela,
asubuhi, akichambua mchele.
Bi Zuwena, aliyenisahihisha ngeli hata kwenye simu
("Kioo changu, si kioo yangu!
Usinitie aibu mbele ya watu wa Unguja"),
akabaki na sauti mbili na mkono wa kushoto.

Hospitali wakatupa ubao wa picha:
kikombe, kitanda, msala, uso unaolia.
Mimi, mtetezi wa maneno, nikaupakata,
nikaona haya kwa yote niliyomwambia Muhenna.
Mama akanyoosha kidole: kikombe.
Nikamletea maji. Akanywa.
Hapakuhitajika kitenzi.

Nikamtengenezea ubao wake mwenyewe kwenye tableti.
Picha mia mbili, nikazipunguza zilingane
kwa amri moja ya terminali (cheka, Muhenna):
kahawa mbali, chai mbali, kwani si kitu kimoja,
halwa nyeusi, tende za khalas,
AC ikiwaka, AC ikizimwa,
shangazi Ghalia, na yule mumewe wa kwanza.
Akawa anabonyeza kwa fahari, kama karani.

Ila usiku wa juzi kidole kilipita kikombe,
kikapita msala, kikaupita uso wangu,
kikatua kwenye weupe ulio baina ya picha na picha.
Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, pale pale.
Akanitazama.

Nikataka kukisia: maji? mto? baridi?
Nikajizuia.
Nikaizima tableti, nikakaa mbele yake gizani
kama kioo kile kinavyonikalia mimi,
bila menyu, bila haraka,
nikipepesa tu macho
mpaka mwenyewe apate pa kuanzia.